Mstari wa Binadamu

Kwako Dada yangu mpendwa, uliyenitangulia kwa umri na kwa subira,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta umeketi, maana si mfupi, na kwamba goti lako la kulia limeacha ule ukaidi wake wa kugoma kila likiona ngazi. Shemeji naye naamini kikohozi kimempungukia, na wapwa zangu wanasoma kweli, si kufunua madaftari pindi tu wanaposikia viatu vyako mlangoni. Sisi huku tu wazima, ukiacha jino langu la nyuma, ambalo nimeliandikia maombi ya kung'olewa na ninaendelea kusubiri majibu. Wifi yako anasema watu huenda hospitali na shavu lililovimba, hawaendi na barua. Anakusalimu sana. Amesimama nyuma ya kiti changu akisoma kila ninachoandika. Waraka huu nilikuwa nimeuanza kwa kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, kama yanavyotaka mawasiliano ya heshima, naye akasema dada wa mtu si ofisi ya ardhi. Nimekifuta, ingawa pengo lake linaonekana na linaniuma.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Umeuliza, bila hata salamu, kama Fundi Viatu ni ndugu yetu au si ndugu yetu, ukaongeza kwamba nisikuletee mahubiri. Kwa heshima zote, Dada, suala la aina hii halijibiwi kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu. Linahitaji wino, na linahitaji aya.

Utamkumbuka. Ni yule bwana wa makamo aliyekaa karibu na mlango siku ile ya msiba wa baba, kofia mkononi, wewe ukamwambia apishe masufuria yapite. Ulipokwisha kurudi kwako, alikwenda kwa Baba Mdogo akajieleza, mimi na wifi yako tukiwepo. Alisema mama yake, kabla hajafariki, alimwambia kwamba yeye ni mtoto wa marehemu baba, wa enzi zile baba akiwa bado kijana anabeba mizigo ya wasafiri pale stesheni, hajamjua mama yetu wala hajaota kwamba atamjua. Alieleza kwamba hataki nyumba, hataki kitanda cha marehemu, hataki hata ile redio isiyoshika stesheni. Anataka watu. Amepata mchumba, mjane mmoja mshona mapazia, na kaka zake huyo mama wamemwambia kwamba hawawezi kumtoa dada yao kwa mwanamume asiye na hata mtu mmoja wa kumkemea akikosea. Wanataka waone mzee wa kusema kwa niaba yake, ndugu wa kiume wa kukaa kando yake, na zaidi ya yote wanataka waone dada, kwa kuwa mwanamume ambaye hana dada wa kumsema, walisema, hajui kusikia.

Baba Mdogo alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwambia kwamba hadithi nzuri hata yeye anazo. Fundi Viatu akatoa hoja ya kitaalamu: viatu vya marehemu, alivyoviona pale mlangoni siku ya msiba, vimelika kisigino upande wa nje, na vyake hivyo hivyo, na vyangu pia. Baba Mdogo akavua kiatu chake mwenyewe, akakigeuza, kikawa kimelika upande huo huo. Akauliza kama hilo linamfanya naye awe mtoto wa kaka yake, au ni barabara zetu tu zilivyoinama. Wifi yako akaingilia kwamba huyu bwana huvua kofia kabla ya kukohoa, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Baba Mdogo akasema wachukuzi wote wa stesheni hufanya hivyo, asiyefanya kofia inaanguka.

Ndipo aliponigeukia mimi. Alitamka, mbele ya watu wote, kwamba ukoo huu una mtu anayeshinda na mashine zinazosoma miili ya viumbe, kwa hiyo hakuna sababu ya kubishana kama watu wasio na mtaalamu. Pima, akasema, utuletee majibu. Dada, sitaficha kwamba nilivimba kidogo.

Kazi yangu unaijua kwa jina, Msaidizi wa Maabara, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza undani wake bila wewe kusinzia. Ndani ya kila seli ya mwili kuna protini za mwendo, na hii tunayoshughulika nayo sisi inaitwa kinesini. Ni mchukuzi wa mizigo. Ina miguu miwili, nayo hutembea hatua kwa hatua juu ya njia nyembamba kama kamba, ikiwa na furushi, kutoka katikati ya seli hadi pembezoni, mchana na usiku, bila kudai likizo. Siku Daktari, yaani yule mama msomi anayeongoza maabara yetu, aliponionyesha mchoro wake ukitembea kwenye kompyuta, nilisimama na chupa zangu mkononi nikamwona marehemu baba anavuka reli na sanduku la mtu. Nina lalamiko moja tu. Wataalamu wameamua kuiita miguu hiyo vichwa, na kile kinachoshika mzigo wakakiita mkia. Nilimwandikia Daktari barua rasmi nikipendekeza marekebisho, nikieleza kwamba hakuna mchukuzi popote duniani anayetembea kwa vichwa viwili na kubeba sanduku kwa mkia. Alinijibu kwa mdomo kwamba ataifikisha panapohusika. Hadi leo sijaelezwa panapohusika ni wapi.

Protini, basi, ni kama mkufu wa shanga, na kila aina ya shanga imepewa herufi yake. Mashine husoma, na mimi hupanga mikufu ya viumbe mbalimbali mmoja chini ya mwingine: binadamu juu, akifuatiwa na ng'ombe, panya, kuku, samaki, nzi, na mkiani kabisa ukungu wa mkate. Herufi zinapolingana ninazipaka kijani. Zinapotofautiana ninaziacha kijivu. Kijani kingi ni undugu wa karibu, kijivu kingi ni undugu wa mbali. Ndivyo nilivyofundishwa, na hapo ndipo palipozaliwa balaa.

Nilimwandikia Daktari maombi ya kutumia mirija miwili ya majaribio, ile inayopitishwa kwanza ili kuhakikisha mashine iko sawa kabla ya kuingiza sampuli zenyewe. Daktari ana mazoea ya kusoma aya yangu ya kwanza kisha kutafuta mahali pa kuweka saini, na aya yangu ya kwanza siku hiyo ilihusu afya yake na heshima ya maabara. Akasaini. Nikaenda na kijiti cha pamba hadi kibanda cha Fundi Viatu, pale chini ya ngazi za jengo la duka la dawa. Nilimsomea maelezo ya zoezi zima nikiwa nimesimama. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akailaza kwenye kifuniko cha dawa ya viatu, akasema kinywa hiki kimezoea misumari, pamba itakifanya nini, akapanua. Nilikwangua shavu lake kwa ndani, nikakwangua na langu, nikaondoka bila kumwita kaka.

Majibu yalipotoka niliuweka mstari wake chini ya wangu na nikaanza kupaka. Kijani. Kijani. Kijani mwanzo hadi mwisho, Dada, bila doa. Ng'ombe na panya, walivyokaribiana na sisi, bado wana vijivu vyao hapa na pale. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Wewe ungehitimishaje?

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa Baba Mdogo na karatasi zilizounganishwa kwa gundi, zikatandazwa sebuleni kutoka kwenye televisheni hadi mlangoni. Nilitoa hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Baba Mdogo akavaa miwani, akapiga magoti, akatambaa juu ya mkeka wa herufi akifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mkaguzi wa mizigo mwenye hakika kwamba kuna kitu kimefichwa. Alipofika mlangoni akageuka kututazama. Kisha akasema kwamba hata yeye na marehemu hawakuwahi kulingana hivi. Akainuka, akamkumbatia Fundi Viatu, akamwita mwanangu, na papo hapo akaanza kumgombeza kwa nini hakuja mapema na kwa nini suruali yake ni ndefu. Fundi Viatu alilia. Wifi yako alilia. Mimi nilikunja karatasi.

Tangu siku hiyo Baba Mdogo hashikiki. Kila asubuhi huketi kwenye benchi la wateja pale kibandani, akiwafahamisha wapita njia kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, imethibitishwa, kijani tupu. Anaingilia kazi. Juzi alimfukuza mteja aliyeleta kiatu chenye tope, akamwambia mwanangu si dobi. Na kaka zake mshona mapazia wamekwisha kupelekewa habari, nao wamepanga tuonane Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Sasa, Dada, vuta pumzi.

Nakala ya pili ya ile kazi niliisahau kwenye printa ya maabara, na Daktari akaiokota. Akaniuliza, kwa upole wake, hawa wawili ni akina nani. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi na kaka yangu. Akauliza nimejuaje kwamba ni kaka yangu. Nikamwonyesha kijani. Akavuta kiti, akafungua lile jedwali letu la kila siku, akachukua mstari wa juu kabisa ulioandikwa Binadamu, akauweka juu ya mistari yetu miwili. Kijani tupu. Akafungua wa kwake mwenyewe, alioupima zamani wakati mashine ilipofika. Kijani tupu. Akafungua wa mlinzi wa getini, aliyewahi kujitolea kwa majaribio. Kijani, Dada, hadi kwenye kofia yake.

Hapo nikaelewa kosa langu, na nakuomba usicheke kabla ya kufika mwisho wa aya. Muda wote niliofanya kazi pale, jedwali letu limekuwa na mstari mmoja tu wa binadamu. Mimi nilidhani ni wa mtu fulani, labda bwana mmoja wa ng'ambo aliyetoa mate yake siku hiyo akaenda zake, na kwamba mimi na wewe na kila mtu tuna mistari yetu tofauti, kama tulivyo na sura zetu. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini ng'ombe wote duniani wawakilishwe na ng'ombe mmoja. Kumbe uliwekwa mstari mmoja kwa sababu unatosha.

Daktari alinieleza kwamba mchukuzi huyu hana ruhusa ya kubadili hatua. Njia ya mishipa ya fahamu kutoka mgongoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu ni ndefu mno kwa kiumbe mdogo namna ile, naye akiteleza kidogo tu mzigo haufiki na mguu unadhoofika. Kwa hiyo tangu zamani zisizohesabika mwili umemwacha vile vile, kwangu, kwako, kwa mlinzi, na karibu vile vile kwa ng'ombe. Akasema kwamba kwa ushahidi wangu hata yeye ana haki ya kudai kile kitanda cha marehemu. Akaanza kucheka, akavua miwani akaifuta, akaniomba radhi, akacheka tena. Mwishowe akaandika kwenye kikaratasi mahali panapofanyika kipimo cha kweli cha undugu, kinachosoma sehemu nyingine za mwili, zile ambazo watu hutofautiana, na akasema mimi na huyo bwana tukienda tutapata jibu.

Nilikwenda moja kwa moja kibandani. Kwa bahati Baba Mdogo alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimweleza Fundi Viatu kila kitu, ng'ombe na mlinzi wakiwemo, nikamwonyesha kikaratasi. Alisikiliza huku akigonga soli, kisha akaacha kugonga. Akaniuliza kama kipimo chetu kimesema yeye siye. Nikamjibu kwamba hakikusema ndiye wala siye. Kimesema ni mtu. Akasema hilo alikuwa analijua. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba hata yeye hana hakika, alichonacho ni maneno ya mama yake tu, na kwamba kipimo cha kweli yuko tayari kukifanya kesho. Ila nimwambie Baba Mdogo kwanza, kwa sababu hawezi kukubali yule mzee akasimame mbele za watu na kuapa kwa karatasi ya ng'ombe na kuku. Akarudisha misumari mdomoni, ikawa mazungumzo yamekwisha.

Nikaenda kwa Baba Mdogo. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya maandishi, lakini aliyakataa akataka niseme kwa mdomo kama mtu. Nikasema. Nilipofika kwa panya aliinua mkono. Akaniuliza kama panya amewahi kumwomba amsimamie harusi. Nikakiri kwamba hapana. Ng'ombe je? Hapana. Huyo mlinzi wa getini? Hapana, Baba Mdogo. Basi huyu ameniomba, akasema. Nikamkabidhi kikaratasi cha Daktari nikimshauri kwamba ukweli una mahali pake na anwani yake ni hiyo. Akakisoma pande zote mbili, akakikunja mara nyingi, akainama na kukisokomeza chini ya ule mguu wa meza unaocheza. Akaitikisa meza, ikatulia. Akasema: nikipima nikaambiwa siye, nimrudishe wapi? Nilikunywa chai yangu juu ya meza hiyo na haikumwagika.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo wifi yako halijui, na nimemtuma jikoni ili niliandike. Siku ile nilipokuwa napaka rangi, nilikuwa naomba kijivu. Kimoja tu kingenitosha. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee wa baba yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji stesheni, mimi ndiye niliyevishwa naye kofia yake nikiwa mdogo hadi ikanifunika macho, na sikutaka kuigawa na mtu aliyekaa mlangoni. Kila herufi niliyoipaka kijani niliipaka kwa shingo upande. Kwa hiyo Daktari aliponiambia kwamba kijani kile hakithibitishi kitu, nilipaswa kufurahi. Nilisubiri furaha ije. Badala yake nilijikuta nakwenda kibandani mbio, nikiogopa kwamba nitakuta amefunga. Hivi sasa nimeanza kumwita kaka, na nikijaribu kuacha ulimi unakataa.

Hivyo basi, kuhusu swali lako, jibu langu la kitaalamu ni kwamba sijui. Jibu langu jingine ni kwamba Jumamosi hiyo nitakaa kando yake, na Baba Mdogo atasema kwa niaba yake bila karatasi yoyote, maana tumekubaliana sote watatu kwamba hao shemeji watarajiwa waambiwe tu yaliyo kweli: mama yake alisema hivi, marehemu hayupo wa kuulizwa, na sisi tumemkubali. Anayekosekana ni dada. Najua kinachokukwaza. Akiwa wa baba, basi kwa umri amekutangulia, na wewe umekuwa mkubwa wetu tangu kuzaliwa kwako na kazi hiyo umeifanya kwa sauti inayosikika hadi huku. Nilimgusia jambo hilo. Alishtuka. Alisema foleni ni foleni, yeye amechelewa kufika na atasimama nyuma ya waliomtangulia, na kwamba anachotaka hasa ni huyo dada wa kumsema, kwa kuwa katika maisha yake yote hajawahi kusemwa na mtu asiye mteja.

Uamuzi ni wako. Ukitaka kipimo cha kweli kwanza, niamuru, nitakwenda kuinua ile meza. Ukikataa kabisa, sitakulaumu, na Baba Mdogo nitamtuliza.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi tupu. Si kwamba nimesahau kuiandika. Fundi Viatu ndiye aliyeomba niiambatanishe. Anashona viatu vya watu wake wa Jumamosi hiyo. Vya Baba Mdogo vimekwisha, vyangu viko kwenye kalibu, ule mguu wake wa mbao. Ikiwa utakuja, iweke sakafuni, simama juu yake kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, mpe mmoja wa wapwa zangu kalamu azungushe, kisha uirudishe kwa njia hiyo hiyo. Ameniagiza nikwambie usimame kwa mguu wa lile goti bovu, ili kisigino akipe nafasi.

Msalimie shemeji na wapwa zangu, na jirani yako yule anayependa kuuliza nimepandishwa cheo lini. Wifi yako amerudi kutoka jikoni na anauliza nilikuwa naandika nini muda wote huo. Nimemwambia salamu.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu na mwenye kukuheshimu daima,

Msaidizi wa Maabara
(mwanao wa mgongoni, uliyembeba hadi akaota ndevu)